Karatasi ya Pumzi ya Kumi na Nane

Sogezeni viti, wanangu, mnisikilize mpaka mwisho, maana sauti hii haitoshi kurudia. Wewe wa kati, zima hiyo simu, mtambo wako wa chapa utasubiri. Kwa kweli nimewaita mchana huu ili mtambo huo usubiri. Binti yangu mkubwa, chukua daftari uandike, na uandike kama ninavyosema, hata nikijikwaa usininyooshee sentensi, kwa sababu nimewanyooshea watu sentensi zao maisha yangu yote na leo mtasikia kazi hiyo ilinifikisha wapi. Na wewe kitinda mimba wangu keti tu, kama unaweza kuketi.

Nianze na yaliyo mepesi. Nyumba hii ni yenu nyote watatu, wala haiuzwi maadamu yupo mmoja wenu anayehitaji pa kulala. Cherehani ya marehemu mama yenu ni ya kitinda mimba, maana ndiye pekee aliyewahi kuigusa bila kuiharibu. Vitabu vya sebuleni gawaneni bila kugombana, na mkishindwa basi gombaneni kwa sauti ya chini, majirani wametuvumilia vya kutosha. Meza yangu ya kazi achukue binti mkubwa, ila katika droo ya chini, chini ya karatasi niliyoitandika, kuna kitu ambacho nitakifikia. Kilichobaki ni Kitabu cha Pumzi, toleo langu lenye jina langu kwenye jalada, ambalo wa kati anangoja kulichapa upya wiki ijayo. Toleo hilo silirithishi kwa mtu. Nitawaambia kwa nini, na nawaomba msinikatize kwa kunihurumia.

Kitabu mnakijua, mmelelewa nacho, lakini hamjui kilivyokuwa kabla sijakitia mkono. Zamani hakikuchapwa. Nyumba za kusomea zilikuwa mbili hapa mjini, na kila moja ilikuwa na nakala yake ya mkono, pumzi arobaini, ndivyo tunavyoziita sura zake, ambazo watu wetu huwasomea wagonjwa, waliofiwa, na wale wanaokata roho. Nakala ya nyumba yetu aliiandika babu yenu ujanani mwake, akiinakili kwa mwalimu wake, na hakuishona. Aliziweka karatasi zake moja moja katika sanduku la mbao, na hilo alifanya makusudi, kwa sababu desturi ya nyumba yetu ilikuwa kuazima karatasi: nyumba iliyopatwa na jambo ilikuja kuchukua karatasi ya pumzi inayowahusu, ikakaa nayo siku zake, kisha ikairudisha. Karatasi hazikuwa na namba. Chini ya kila karatasi babu yenu aliandika, pembeni, neno la kwanza la karatasi inayofuata, na kwa maneno hayo ungeweza kulipanga sanduku zima hata kama mtoto amelimwaga sakafuni, jambo ambalo, wewe wa kati, uliwahi kulifanya.

Nyumba ya pili walikuwa na nakala iliyoshonwa na kufungwa jalada la ngozi na mzee wao, fundi wa majalada, mtu bahili wa kitabu hata kivuli cha mkono wako hakupenda kianguke juu yake. Kwake huazimi kitu. Unasoma hapo hapo, yeye amesimama.

Basi nyumba zote mbili zilipokubaliana kitabu kichapwe, kazi ya kulinganisha nakala nilipewa mimi, na mimi nikamchukua shangazi yenu, mdogo wangu, dada yangu wa pekee. Hamkumwona tulipokuwa tunafanya kazi pamoja, na hiyo ni hasara yenu nyingine niliyowatia. Tulikaa chumba cha nyuma cha nyumba ya kusomea, dirisha likiwa kushoto kwangu. Yeye alisoma kwa sauti nakala ya mzee wa majalada, neno kwa neno, nami nilifuata katika karatasi za baba kwa njiti ya kiberiti, na palipotofautiana nilisema, "Simama," nikaandika tofauti hiyo kwenye kadi. Miaka miwili na miezi kadhaa, kila asubuhi isipokuwa siku ya mapumziko. Tukichoka alikuwa anaigiza sauti ya mzee wa majalada mwenyewe, "Usipumulie karatasi, kijana," nami nacheka mpaka njiti inapoteza mstari. Nilimpenda sana shangazi yenu. Liandike hilo pia, binti yangu, liandike kabla ya mengine.

Tukafika pumzi ya kumi na nane. Ile mnayoijua kwa moyo, ya mtu aliyemkosea mwenzake akafa hajasema. Inavyoisha katika toleo langu ni hivi: "Aliyefunga mdomo mpaka umauti ukaufunga zaidi, kosa lake limelala naye." Kisha basi, pumzi ya kumi na tisa. Mmeisikia inavyosomwa misibani, watu wakainamisha vichwa. Lakini siku ile shangazi yenu hakuishia hapo. Alivuta hewa akaendelea: "Watoto wake na wainuke waende. Wabishe hodi kwa jina lake, waseme alilolinyamazia bila kulipunguza. Na aliyekosewa akifungua mlango, hata asiposema neno, mzigo umeteremshwa njiani." Na mengine zaidi, karatasi nzima, mbele na nyuma.

Nikasema, "Simama."

Kwangu hayakuwepo. Karatasi ya baba iliishia "limelala naye", na iliyofuata ilianza pumzi ya kumi na tisa. Nikamwambia shangazi yenu kuwa hayo wameongeza watu wa mzee wa majalada. Yeye akainuka, akazunguka meza, akainama juu ya karatasi ya baba, akaweka kidole pembeni chini. Palikuwa pameandikwa, kwa mkono wa baba, "Watoto".

"Haikuongezwa, kaka," akaniambia. "Imeazimwa. Mtu alikuja kuichukua na hakuirudisha."

Nikabisha, kwamba iweje, katika karatasi zote, ipotee hiyo moja tu. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyesoma sana. "Sasa wewe ungekuwa umefiwa na mzazi aliyekufa na la moyoni, ungeazima ipi? Hiyo ndiyo waliyokuwa wanaigombania. Yule mzee hakumwazima mtu kitabu chake, ndiyo maana kwake ipo."

Alikuwa amesema kweli, na nilijua palepale kuwa amesema kweli. Hapa, wanangu, naomba msinitafutie sababu nzuri, maana ninazo nyingi na nimezitumia zote. Kwa miaka nilijiambia kuwa nilifanya kwa ajili ya baba. Yapo maelezo mawili ya jambo hili kichwani mwangu, na kwa kuwa kulinganisha ndiyo kazi yangu, acheni niyalinganishe mbele yenu. La kwanza linasema baba alikuwa mzee, macho yameshakufa, na fahari yake yote duniani ilikuwa kwamba amemwachia mwanawe nakala kamili, nami sikutaka kumwambia kuwa sanduku lake lina pengo. La pili linasema nyumba zote mbili zilikuwa zimeafikiana nakala ya baba iwe ndiyo msingi wa toleo, ile nyingine isaidie tu, na kwamba utangulizi nilikuwa nimeshauandika, wenye maneno "haikupungua hata karatasi moja", na kwamba kama karatasi moja imepungua basi msingi ungehamia kwa mzee wa majalada, na jina la kwanza kwenye jalada lisingekuwa langu. La kwanza lina ukweli kidogo. La pili ndilo la asili.

Shangazi yenu alipokwenda kwake kupumzika, nilichukua wembe nikalikwangua lile neno. Baba aliandika kwa wino mzito na karatasi ilikuwa ngumu, kwa hiyo ilinichukua muda, sikuteleza wala kupitiwa. Mkono ulikuwa umetulia kabisa. Kisha nilichuja wino kwa maji ya chai ufanane na wino mkongwe, nikaandika hapo "Pumzi", kama kwamba inayofuata ni ya kumi na tisa. Na katika tanbihi nikaandika kuwa ile karatasi ya nakala ya pili ni nyongeza ya mwandishi wa baadaye, haina asili. Tanbihi ya mistari mitatu, na hata nyumba ya pili waliipokea, maana kulinganisha nilikabidhiwa mimi. Niipe haki yake, imeandikwa vizuri.

Asubuhi yake shangazi yenu alikuja, akakaa, akaomba kuiona tena karatasi. Aliiinua akaielekeza dirishani, na mwanga ukapita pale nilipokwangua, karatasi imekuwa nyembamba. Halafu akaiweka mezani taratibu, akafunga nakala ya mzee wa majalada kwenye kitambaa chake, akasema, "Mimi sitakusema, kaka. Utajisema mwenyewe." Akatoka. Hakupandisha sauti wala hakulia, na hajakanyaga tena chumba kile, wala nyumba hii.

Na kweli hakunisema. Watu walipouliza kwa nini dada yangu hataki jina lake kwenye kitabu, nilisema amechoka. Walipouliza kwa nini anawaambia wanawake kuwa pumzi ya kumi na nane ina mwendelezo, nilisema, maskini, kazi ile ilimlemea, anachanganya nakala. Nilisema kwa upole sana. Upole ule ndio ulioaminiwa, na shangazi yenu, aliyekuwa msomaji bora kuliko mimi na kuliko yeyote katika nyumba zote mbili, akawa mtu wa kuchekewa pembeni. Neno moja tu lingetosha kunivua nguo mbele ya watu, alikuwa nalo mdomoni miaka thelathini na mmoja, na hakulisema. Mnanielewa? Alinihifadhi mimi niliyemchafua.

Kitabu kikatoka. Nikampelekea baba nakala ya kwanza, akalipapasa jalada, akainusa, akafurahi kama mtoto. Akaniambia nimsomee ya kumi na nane. Katika arobaini zote aliitaka hiyo. Nikasoma mpaka "limelala naye", nikanyamaza. Baba akangoja. Midomo yake ilikuwa imeshaanza kusogea, inaendelea mbele bila mimi, halafu ikasimama.

"Mbona imeisha mapema?"

Nikamwambia, "Ndivyo ilivyo, baba."

Akasema, "Kulikuwa na watoto." Akasema tena, "Kulikuwa na watoto wanaokwenda mahali." Nikamjibu kuwa labda anachanganya na pumzi nyingine. Baba yangu akajipapasa magoti, akatabasamu kwa aibu, akasema, "Basi nimezeeka. Usimwambie mtu." Na tangu siku ile hakusoma tena kitu kwa moyo mbele za watu, yeye aliyekuwa na pumzi zote arobaini kifuani, kwa sababu hakuiamini tena kumbukumbu yake. Alikufa hivyo. Nilimnyang'anya kitabu chake chote ili nimpe changu.

Nipeni maji. Kidogo tu, inatosha.

Mnamkumbuka fundi saa, yule wa kibanda cha kona, aliyekuwa akitengeneza saa huku amefunga kioo jichoni? Mama yake alifariki hajapatana na dada yake mkubwa, kwa jambo la kusingiziana la zamani, na huyu kijana alikuwa anajua mwenye kosa ni mama yake. Akaja kwangu, hapo ulipokaa wewe wa kati, akaniuliza kama kitabu kinamruhusu aende kwa mama yake mkubwa akaombe radhi kwa niaba ya marehemu. Aliniuliza mimi kwa kuwa jina langu liko kwenye jalada. Nilikuwa najua jibu neno kwa neno. Nikamfungulia ukurasa, nikamwekea kidole kwenye "limelala naye", nikamwambia, "Pole, mwanangu, kitabu kinaishia hapo." Akanishukuru. Alinishukuru, wanangu, akaenda zake, na mpaka mama yake mkubwa naye akafa hawakusemezana. Huyo ni mmoja niliyemwona kwa macho. Waliofungua ule ukurasa majumbani mwao, wakaufunga wakabaki na wafu wao, siwajui idadi.

Na bado nilipewa nafasi. Toleo lilipokuwa na miaka minne, alikuja mwanamke mmoja mwuza vitambaa, ameshika bahasha. Alikuwa akisafisha vitu vya bibi yake aliyekufa, akakuta karatasi ndani ya kopo la vifungo, akaitambua kuwa ni ya sanduku letu, akaona aibu kwa niaba ya bibi yake kwamba haikurudishwa. Ilikuwa ni yenyewe. Mkono wa baba, mstari wa kwanza "Watoto wake na wainuke waende", imekunjwa mara nne na imelainika kwenye mikunjo kwa kushikwashikwa. Mwanamke aliniomba msamaha kwa kuchelewa. Nikamwambia asijali. Nikafunga mlango, nikaitandika kwenye droo ya chini, nikaweka juu yake karatasi ya kufunikia, nikarudi kazini kusahihisha toleo la pili. Na tanbihi sikuigusa.

Binti yangu, usiache kuandika. Futa machozi uandike.

Mtaniuliza mbona sikwenda mwenyewe kwa shangazi yenu. Nilikwenda mara mbili. Anakaa juu ya duka la fundi viatu, unapanda ngazi ya chuma ya nje, mlango wa kijani. Mara ya kwanza nilifika katikati ya ngazi, nikamsikia anamsomea mtu, sauti ile ile ya chumba cha nyuma, nikasema nisimkatize, nikashuka. Kisingizio kizuri, sivyo? Mara ya pili nilifika mlangoni kabisa, mkono nimeuinua, na nilichoogopa si kwamba atanifukuza. Niliogopa atanikaribisha. Nikashuka. Baada ya hapo miaka ikapita, na niwaambie jambo la aibu kuliko yote, aibu yenyewe ilipungua. Nilizoea. Mama yenu nililala naye kitanda kimoja mpaka akaondoka duniani hajui.

Sasa miguu haipo, na sauti ndiyo hii. Kwa hiyo sikieni ninachotaka, na wa kati nakuanza wewe. Mtambo usiuwashe. Zile prufu, kurasa za majaribio zilizo mezani kwako, zichane. Kitabu kikichapwa tena, kichapwe kwa nakala ya mzee wa majalada, kwa idhini ya nyumba yao, na jina la kwanza liwe la shangazi yenu akikubali. Asipokubali, kisiwe na jina. Jina langu liwekwe sehemu moja tu, mahali pa ile tanbihi, na paandikwe kuwa mimi nilikwangua. Mtaona haya. Watu watawanyooshea vidole sokoni, na hilo ndilo ninalowarithisha, sina jingine la kweli. Sanduku la babu yenu lirudi nyumba ya kusomea, na karatasi ile iliyokwanguliwa isitengenezwe, kila anayetaka aiinue dirishani aone.

Fundi saa mtamtafuta, bado ana kibanda. Mama yake mkubwa hayupo tena, lakini ana watoto. Mpeni mistari aliyokuja kuiomba, mwambieni nilikuwa nayo.

Na sasa hili la mwisho, ambalo sina haki nalo. Nataka mwende kwa shangazi yenu kwa jina langu. Najua ninavyosikika. Miaka thelathini na mmoja nimewaambia watu mlango huo haupo, na leo ninautaka mimi. Sistahili, na bado nawatuma, kwa sababu baba yangu aliuandika kwa mkono wake na mimi si mkubwa kuliko baba yangu. Chukueni karatasi kwenye droo. Mkifika msiseme baba alikosea. Kukosea ni kwa anayesinzia. Semeni alifuta. Semeni alijua. Semeni alikuita umechanganyikiwa ilhali anajua una akili kuliko yeye. Msipunguze hata moja, msinipambe, na msiseme naumwa sana ili awahurumie. Akinyamaza, mnyamaze naye. Akiwafukuza, msibishane, mshuke ngazi taratibu, chuma kile kinateleza.

Kama atafungua... ngojeni nivute hewa. Kama atafungua na akataka kuja, mpeni mkono kwenye ngazi. Mimi sitaki nisomewe na mtu mwingine. Binti mkubwa, najua umeshaandaa kitabu changu hapo mkobani, nimekiona. Usinisomee. Asipokuja shangazi yenu, nizikeni bila kusomewa, na watu wakiuliza, waambieni ni wosia wangu, nilikuwa na akili zangu.

Nimechoka, wanangu. Nilikuwa na baraka ndefu, nimeipanga tangu juzi, imepotea... Mungu awape nyinyi watatu midomo myepesi. Mkikoseana, jioni isiwakute hamjaambiana. Aliye mkubwa asingoje kuombwa. Mungu awatunze, awape... awape watu wa kuwafungulia. Hayo yanatosha, yaliyobaki yajazeni wenyewe.

Ni saa tisa, yuko nyumbani saa hizi. Hapana, msibaki mmoja kunilinda, nendeni wote watatu, imeandikwa watoto, haikuandikwa mtoto mmoja. Mimi nitangoja, najikaza. Kitinda mimba, usilie, mama. Inama umsaidie dada yako, haoni kwa machozi. Vaeni viatu.